Niliyoyatafsiri Majita

Tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja, kanisani, sokoni, wengine kwa simu: "Mwalimu Kabula, na yule mzungu wako wa mpira, ilikuwaje?" Kila mmoja nimempa kipande. Huyu nimemchekesha kwa habari ya daraja, yule nimemweleza samaki wa Magu. Hakuna niliyemwambia yote. Ndiyo maana nimekaa chini niandike mara moja, nzima, mtaisoma mkipata nafasi. Sehemu ya kuchekesha ipo, lakini msiishie hapo.

Kwa asiyejua habari ilivyoanza: mpwa wangu anafanya kazi hotelini Mwanza mjini, na alipata mgeni aliyetaka mtu wa kumtafsiria, mtu mzima asiye na haraka. Akanikumbuka mimi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye siku hizi nafundisha kuku tu. Mgeni alikuwa Mkroatia. Alicheza mpira wa kulipwa Ulaya, mshambuliaji, akastaafu zamani. Jina lake Tvrtko. Nimeliandika kama alivyoniandikia. Kulitamka ni kazi nyingine. Dereva wetu, Masanja, alilijaribu mara mbili, akaona asijiumize, akamwita Tutuko. Mgeni akaitika.

Tvrtko alitaka kufika Majita, mkoani Mara, nyumbani kwa mtu waliyecheza naye timu moja huko kwao, jina lake Magesa. Magesa alifariki miaka mitatu iliyopita. Tvrtko alipata habari hizo mwaka huu, kwa mchezaji mwenzao wa zamani aliyekuwa akiandikiana na marehemu. Alitaka kumwona baba yake na mjane. "Nina neno la kuwaambia," alisema. Neno gani, hakusema, na mimi sikumuuliza.

Buhongwa mpaka darajani

Masanja alimchukua mgeni Nyamagana, kisha akanifuata Buhongwa. Nikamwona dereva ana akili: badala ya kunirudisha katikati ya mji, tungeteremka mpaka Usagara, tushike barabara ya mchepuko inayotokea Kisesa, tuingie njia ya Musoma bila foleni. Nikapanda na kikapu changu cha matobolwa na karanga, kwa sababu viazi vikavu havimwangushi mtu safarini.

"Shikamoo," mgeni akaniamkia.

"Marahaba," nikaitika, ingawa namzidi kama miaka kumi tu. Mpwa wangu alimfundisha neno hilo bila kumwambia ni la nani. Alikuwa mrefu, bega moja limeshuka, akitembea kwa kuburuta mguu wa kulia kidogo, maana nyonga yake ni ya chuma. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala vibaya.

Tulianza mazungumzo, na mimi mazungumzo yakinishika siangalii njia. Nilipoinua uso niliona maji kushoto na maji kulia. Tulikuwa juu ya daraja la Kigongo.

"Masanja! Tunakwenda wapi?"

"Geita, mwalimu."

"Nani kasema Geita?"

"Mgeni mwenyewe. Nilimuuliza mara mbili."

Nikamwomba Tvrtko alitaje jina la tunakokwenda. Akavuta pumzi, akasema kwa uangalifu, "Ma-geeta."

"Si umesikia?" Masanja akapiga usukani. "Geita! Wazungu wote ninaowabeba wanakwenda Geita, mgodini. Nikajua na huyu ni wa dhahabu."

Tulicheka wote watatu, na Tvrtko alicheka kuliko sisi nilipomweleza. Darajani hugeuzi gari, kwa hiyo tulivuka mpaka Busisi ndipo tukageuza. Mgeni akaomba tusimame kidogo. Aliteremka ukingoni, akachovya kidole ziwani, akakilamba.

"Mwambie maji hayo hayajachemshwa," Masanja akasema kwa hofu.

"Hayana chumvi," Tvrtko aliniambia, kama mtu aliyepewa habari mbaya. "Magesa aliniambia hivyo, nami sikumwamini. Alisema kwao kuna bahari tamu."

Usagara mpaka Magu

Kutoka Usagara kupitia Kisesa, Tvrtko alinisimulia maisha yake ya mpira, nami nikawa namtafsiria Masanja, ambaye ndiye aliyeyaelewa. Mimi mpira naujua kwa kelele za majirani.

Baba yake alikuwa mchomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli, katika mji mdogo wa pwani. Yeye alikuwa na mbio, na alikuwa mbinafsi. Alilitamka neno hilo bila aibu: mshambuliaji anayewafikiria wenzake, alisema, mwishowe anarudishwa nyuma acheze kiungo. Akaichezea timu ya mji wao. Siku moja wakala mmoja akawaletea kijana kutoka Tanzania, mwembamba, aliyekuwa akivaa soksi jozi mbili kwa baridi. Huyo ndiye Magesa. Walicheza pamoja misimu miwili. Kisha Tvrtko akanunuliwa na timu ya Ujerumani, akakaa huko miaka, akaenda Austria, akaenda Ubelgiji. Jezi ya taifa aliivaa mara mbili tu, zote akitokea benchi. "Mara ya pili mpira haukunifikia hata mara moja," alisema. "Nilikimbia dakika saba, nikaoga, nikarudi nyumbani." Alistaafu nyonga ikiwa imekwisha. Akafungua mgahawa wa kahawa. Mke wake akaondoka. Sasa wateja wake vijana hawajui kama aliwahi kucheza.

"Muulize," Masanja akasema, "huyo Magesa alikuwa mchezaji wa namna gani?"

Nikamuuliza. Tvrtko alitazama nje mpaka tukapita makundi mawili ya ng'ombe.

"Mwambie kwamba yeye alikuwa ananiona kabla sijaanza kukimbia," alisema. "Nikigeuka tu, mpira upo miguuni. Watu walinipigia makofi mimi."

Masanja akatikisa kichwa. "Viungo wa hivyo siku hizi hawapo."

Magu tulisimama kula. Binti aliyetunawisha mikono alikuwa wa miaka kama kumi na minane. Tvrtko akasimama, akainama, akamwambia, "Shikamoo." Binti aliweka jagi chini, akajifunika uso kwa kanga, akakimbilia jikoni akipiga kelele, "Mama! Babu wa kizungu ananiamkia mimi!" Mama mwenye mgahawa akatoka na mwiko mkononi kuangalia mtoto wake kafanywa nini. Nikaanza kueleza. Nilipomaliza, mama yule alicheka mpaka akakaa.

Akatuletea sato wa kukaanga na ugali wa muhogo. Masanja alitaka kumtafutia mgeni uma. Mgeni alikuwa ameshakishika kichwa cha samaki kwa vidole, anakifungua mashavu, anafyonza, mifupa anaipanga pembeni kwa mstari. Hakubakisha hata jicho.

"Huyu kalelewa ziwani," mama akasema, na akamwongezea kipande kingine bila kuombwa. Hapo ndipo Tvrtko alipokuwa na furaha kuliko wakati wowote wa safari ya kwenda. Nakumbuka vizuri, kwa sababu haikufika mbali.

Magu mpaka Bunda

Gurudumu la nyuma lilipasuka kabla ya Lamadi, na la akiba lilikuwa bila upepo. Masanja aliapa kwamba juzi lilikuwa nao. Tulikaa kando ya barabara tukingoja mtu wa bodaboda aliyelichukua kwenda kulijaza. Tulikula matobolwa yote. Tvrtko alitafuna kimoja kwa muda mrefu sana kisha akauliza kama ni chakula au ni dawa.

Lamadi yenyewe jamaa mmoja mwenye kofia ya majani alikuja mbio akagonga dirisha. Kule akionekana mzungu watu wanajua ni wa hifadhini.

"Serengeti? Tembo? Simba?"

"Majita!" Tvrtko akajibu kwa nguvu, safari hii amelitamka sawasawa, maana tulifanya mazoezi njia nzima.

Yule jamaa akanitazama kwa huruma. "Mama, mgeni umemdanganya. Majita hakuna hata sungura."

Tulifika Bunda jua linazama, tumechelewa kwa sababu ya Geita na kwa sababu ya gurudumu. Masanja alisema barabara ya Majita tuiache kwa kesho. Tukalala.

Bunda, chai ya asubuhi

Nilimkuta Tvrtko mezani, supu imepoa mbele yake, chapati hajaigusa. Masanja alikuwa nje anaosha gari.

"Mwalimu," akasema, "lazima ujue kabla hatujafika. Wewe ndiye utakayelisema."

Hapo ndipo aliponieleza. Nitawaeleza na ninyi kama nilivyolisikia.

Katika msimu ule wa pili timu yao ilifika fainali ya kombe. Watu wa timu ya Ujerumani walikuwa wanakuja kumtazama Tvrtko. Wiki ile Magesa alianza kulalamika goti. Daktari wa timu alikuwa mzee asiyejua Kiingereza, na Magesa alikuwa hajakijua Kikroatia cha kutosha. Tvrtko alikuwa na Kiingereza cha shule. Kwa hiyo waliingia kwa daktari watatu, Tvrtko akiwa mkalimani.

Daktari alilishika goti, akalikunja, akalivuta. Akasema kano imeanza kuachia. Asiguse mpira kwa wiki sita, akicheza mechi moja tu goti litakwisha kabisa.

"Magesa akaniuliza, anasema nini?" Tvrtko hakuwa ananitazama. "Nikamwambia: anasema ni uchovu tu. Funga bandeji, cheza, baada ya fainali utapumzika."



"Bila yeye nisingepata pasi. Bila pasi wale Wajerumani wangeniona nakimbia tu. Nilifikiri goti litavumilia. Ni mechi moja. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu."

Magesa alicheza. Kipindi cha pili alimpa Tvrtko pasi, Tvrtko akafunga. Wakati watu wanashangilia, Magesa alikuwa chini katikati ya uwanja. Hakucheza tena maisha yake yote. Na uongozi ulipouliza kwa nini amecheza, Tvrtko aliwajibu kwamba alimfikishia maneno ya daktari yote, ila Magesa hakutaka kusikia. Wakamwandikia Magesa barua kuwa amecheza kinyume cha ushauri wa daktari na timu haihusiki. Wakamrudisha nyumbani. Mwezi huohuo Tvrtko alikwenda Ujerumani.

"Alijua?" nikauliza.

"Sijui. Hakuniuliza. Siku ya kuondoka alinikumbatia." Alilisukuma bakuli la supu. "Bao lile ndilo kazi yangu yote. Mengine yote yalitoka mlemle."

Masanja akaingia anafuta mikono, akasema gari liko tayari. Akaiona chapati. "Haili? Nipeni basi."

Bunda mpaka Majita

Njia hii sina mengi ya kuieleza, kwa sababu sikuiona. Tuliacha lami ya Musoma tukashika barabara ya vumbi kuelekea ziwani. Kulikuwa na mashamba ya muhogo, miamba, na ziwa linatokea na kupotea. Tuliuliza njia kwa mama mmoja aliyebeba dagaa, naye akapanda garini atuelekeze, kumbe alitaka lifti tu na kwa akina Magesa hakujui. Siku nyingine ningecheka.

Nilikuwa najipangia maneno. Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto kwamba mfasiri haongezi wala hapunguzi. Nilijiambia kazi yangu ni nyepesi: akisema, nami niseme.

Nyumbani kwa Mzee Masatu

Mzee Masatu, baba yake Magesa, alitupokea sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Amepita miaka themanini. Anapumua kwa shida, kila sentensi anaigawa mara mbili. Mjane wa Magesa, Nyamisi, mama wa miaka arobaini na kitu, ndiye anayemtunza. Alituletea maji ya kunawa, akaanza kutenga chai.

"Shikamoo," Tvrtko akamwamkia mzee, na kwa mara ya kwanza neno lilimfika mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali."

Mzee alitueleza kwamba alikuwa mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji mpaka alipostaafu. Amefunga vidonda vya watu, amechoma sindano watoto ambao sasa ni babu. Kisha, kabla Tvrtko hajafungua mdomo, mzee akaniambia:

"Mwalimu, mwambie mgeni asijisumbue kwa ajili ya mguu wa Magesa. Naona amekuja na huzuni. Magesa alikuwa mtoto mzuri, lakini hakuwa msikivu. Daktari alimkataza. Nina barua hapa ya timu. Alirudi na mguu ule akaniambia, baba, niliambiwa nicheze. Nikamwambia, mimi ni mtu wa hospitali, usinidanganye. Barua inasema vingine." Akapumzika. "Aliendelea kunidanganya hivyo miaka yote. Hata alipokuwa anaumwa, karibu ya kufa, alinishika mkono: baba, niliambiwa. Nikamwambia, wewe pumzika. Jambo lenyewe sikumjibu."

Nyamisi aliendelea kumimina chai. Hakuinua macho. Nikaona kwamba amelisikia jambo hilo mara nyingi na hajawahi kulizoea.

Nilimtafsiria Tvrtko yote.  Akateremka kwenye kochi, akapiga magoti na nyonga ile ya chuma, akaushika mkono wa mzee. Alilia. Akasema, na haya ndiyo maneno yake:

"Mwambie daktari alisema Magesa asicheze. Mimi ndiye niliyemwambia Magesa kwamba daktari ameruhusu. Magesa hakujua. Alisema kweli siku zote."

Kisha akanitazama, na mzee akanitazama.

Nilimwangalia yule mzee. Nikaona kifua kinavyopanda. Nikafikiri: hili likimwingia, atabeba nini mpaka kaburini? Mwanawe alimshika mkono na yeye hakumjibu. Nikafikiri sisi tutapanda gari tuondoke, na yeye atabaki nalo kwenye kochi hili. Yote hayo niliyafikiri kwa muda wa kumeza mate. Nikasema:

"Mzee, mgeni anasema anaumia sana. Anasema ni kweli daktari alikataza, na yeye hakumzuia Magesa asicheze. Anaomba radhi."

Mzee akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. "Umesikia, Nyamisi?" akasema. "Hata mwenzake anasema daktari alikataza."

Nyamisi aliweka birika mezani. Alinitazama mimi, si mgeni, akatoka nje. Hakurudi mpaka tunaondoka.

"Mwambie nimemsamehe," mzee akasema, akamwekea Tvrtko mkono kichwani. "Angemzuiaje mtu asiyesikia? Mwambie arudi kwao na amani."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno.

"Umemwambia?" Tvrtko akaniuliza, machozi yanamtiririka. "Umemwambia lote?"

"Ndiyo," nikasema.

Kurudi Mwanza

Safari ya kurudi ilikwenda vizuri kiasi cha kuudhi. Hakuna gurudumu lililopasuka. Tvrtko alilala kama mtoto mpaka Lamadi. Alipoamka alikuwa na njaa, akamnunulia Masanja soda, akawa anaimba wimbo wa kwao kwa sauti mbovu. Magu alitaka tusimame kwa mama yuleyule. Alikula samaki wawili. Masanja alimfundisha kusema "nimeshiba," naye akamwambia kila aliyepita, pamoja na mbuzi mmoja.

Mimi samaki wangu nilimsogezea Masanja.

"Mwalimu, una nini?" Masanja akaniuliza mgeni alipokwenda kunawa.

"Nimechoka tu."

Asubuhi ya kuondoka kwake nilikwenda kumuaga uwanja wa ndege. Alinikumbatia mbele ya watu. "Nimeubeba mzigo huu nchi nne," akasema. "Umenitua." Nikamwambia safari njema. Nafasi ilikuwepo pale. Tulikaa benchi moja karibu saa nzima tukingoja aitwe, na mimi nikaongea habari za kuku.

Mlipokutana nami wiki ile na kuniuliza ilikuwaje, nikawapa Geita na shikamoo, mkacheka, nami nikacheka nanyi. Nikifika nyumbani nilikuwa naliona lile jicho la Nyamisi. Nilijiambia ilikuwa huruma. Lakini siku hadi siku nikaanza kuona kwamba kulikuwa na woga ndani yake, woga wa kuwa mimi ndiye mdomo uliolitoa neno lile, na kuuona uso wa mzee ukilipokea. Na kwamba nilichofanya ni kilekile alichofanya kijana wa miaka ishirini na minne kwa daktari, isipokuwa mimi nina mvi.

Siku ya kumi na moja nilimwandikia Tvrtko ujumbe, nikamweleza nililosema na nililoacha.  Baada ya siku mbili akajibu kwa mistari miwili: "Waambie. Mimi sitaweza kulisema mara ya pili." Nimemwandikia tena tangu hapo. Anasoma, hajibu. Simlaumu.

Majita tena, peke yangu

Nilipanda basi mpaka Bunda, nikaunganisha gari jingine, mwisho nikapanda bodaboda, mkoba nimeukumbatia. Hakuna aliyepotea njia.

Nyamisi nilimkuta uani anaanua muhogo. Hakushangaa. Alinipa kigoda, akaendelea na kazi yake, nami nikamwambia nikiwa nimeinama, nikiuelekea mkeka wake.

"Siku ile nilijua," akasema nilipomaliza. "Mtu halii vile kwa kosa la mwenzake. Nikakuona wewe unalimeza."

"Naomba unisamehe."

"Mume wangu alikuwa akiniambia usiku na mchana, Nyamisi, niliambiwa nicheze. Mimi nilimwamini. Lakini imani yangu mimi alikuwa nayo tayari. Aliyoitaka ni ya baba yake, pale ndani." Akanyanyua ungo, akasimama. "Twende. Utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Mzee alikuwa kwenye kochi lake. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akauliza habari za mgeni. Nikamwambia yote. Safari hii sikuacha neno. Nilipofika mwisho akasema:

"Rudia. Polepole, mwanzo mpaka mwisho, kama unamfundisha mtoto."

Nikarudia. Daktari, goti, mkalimani, bandeji, bao. Alisikiliza macho yakiwa sakafuni.

"Kwa hiyo aliniambia kweli," akasema.

"Alikuambia kweli, mzee."

"Na wewe siku ile ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea huruma."

 Hakunikasirikia, na ningefurahi kama angenikasirikia.

"Ulinihurumia mimi," akasema. "Magesa je?"



Akamwomba Nyamisi amtoe nje. Tulimshika huku na huku, tukapita nyuma ya nyumba, hatua chache kisha pumzi, hatua chache kisha pumzi, mpaka kwenye kaburi la mwanawe, lililosakafiwa kwa saruji, karibu na shamba. Akasema tumkalishe ukingoni. Alipokaa aliuweka mkono juu ya saruji, akaanza kuzungumza Kijita.

Mimi nilirudi nyuma kidogo. Kijita sikijui zaidi ya salamu. Alizungumza kwa muda mrefu, anasimama kupumua, anaendelea, mahali pengine sauti inapanda kama anayeuliza, kisha anangoja. Nyamisi alikuwa analia bila sauti. Akanigeukia, nikaona yuko tayari kuniambia mzee anasema nini, kama ningetaka.

Sikuuliza. Nilisimama pale na mkoba wangu mpaka alipomaliza.